Gauni la Siyo Leo

Sogeeni, sogeeni! Miguu ndani ya blanketi, masikio nje. Mwoga amshike mwenzake. Asiye mwoga, ashikwe!

Huko Tukuyu mvua ikipiga hodi, haiondoki upesi. Inakaa, kama mgeni aliyeonja chai akaipenda.

Huko Tukuyu aliishi Tusekile. Alikuwa na miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameshang'oka.

Mdogo wake wa kike aliitwa Lugano. Alikuwa na miaka minne. Huyo meno alikuwa nayo yote, na maneno pia.

Tusekile na Lugano walikuwa na kabati moja la nguo. Kabati gani hilo! Jeusi, refu, limejaa mpaka limevimba, kama mtu aliyekula sahani tatu za wali.

Mlango wake ulikataa kufunga. Mama aliufunga kwa kamba ya mgomba. Lakini kamba ikilegea kidogo tu, mlango ulijifungua wenyewe.

Nyiiiiii...

Tusekile hakuupenda mlango huo hata kidogo. Nyiiiiii, naye shuka juu ya kichwa!

Unacheka? Haya, cheka. Kabati la kwenu likisema nyiiiiii tutaona.

Sasa sikiliza. Chini kabisa ya kabati, nyuma ya masweta, ndani ya mfuko wa nailoni, palikuwa na gauni.

Gauni la njano. Njano ya ndizi mbivu! Lina mfuko mmoja mwekundu, hapa tumboni. Mama alimshoneshea Tusekile kwa fundi. Lilikuwa gauni la kutokea.

Jumapili ilifika. Mama akasema, "Tusekile, vaa gauni lako jipya twende kanisani."

Tusekile akachungulia nje. Tope!

"Siyo leo," akasema. "Leo litachafuka."

Siku ya arusi ya mjomba ikafika. Mama akasema, "Haya, leo sasa!"

Tusekile akafikiria pilau. Akafikiria mchuzi. Akafikiria watoto wenye mikono ya mchuzi.

"Siyo leo. Leo litachafuka."

Ikaja sikukuu. Vumbi! Siyo leo. Ikaja sikukuu nyingine. Soda nyekundu! Siyo leo, siyo leo, litachafuka!

Gauni likakaa kwenye mfuko. Likakaa, likakaa. Na Tusekile je? Alikuwa anakula ugali, analala, anakua. Hakuna aliyemwambia aache.

Asubuhi moja, mvua ikanyamaza. Jua likatoka, pwaa! Kuku wakashangaa. Migomba ikameremeta.

Na mlangoni ikasikika sauti kubwa.

"Hodi humu! Mmeamka au bado mnaoza kwa mvua?"

Alikuwa Shangazi Subilaga, dada yake Baba. Shangazi ana mikono mikubwa na sauti kubwa. Akicheka, sufuria zinacheka naye.

"Shikamoo, Shangazi," wakasema watoto.

"Marahaba, wanangu! Leo jua lipo. Leo tunapanga kabati!"

Shangazi akaivuta kamba ya mgomba. Nyiiiiii... Puuu! Nguo zikamwagika hadi miguuni pake.

"Eh! Wifi!" akamwita Mama. "Hili ni kabati au gunia la viazi?"

"Wifi, tuhurumie," Mama akacheka. "Mvua imetufungia ndani mwezi mzima."

Shangazi akaokota nguo moja. Akaimba:

"Ya kukaa, ikae!
Ya kutoka, itoke!
Iliyochakaa..."

Akashika shati kuukuu la Baba, la mistari, lenye matundu mgongoni. Akalivuta huku na huku.

"...CHRAAAAA!"

Shati likawa vipande viwili! "Matambara ya kudekia hayo," akasema Shangazi. Akavitupa sakafuni.

Moyo wa Tusekile ukaruka. Du-du! Du-du!

Sketi fupi ya Tusekile? "Haikutoshi, mwanangu. Ya kutoka, itoke!" Ikaenda kwenye beseni, wapewe watoto wengine.

Sweta zito la Lugano? "Ya kukaa, ikae!" Likaenda kitandani.

Shuka lililoliwa na panya?

"CHRAAAAA!"

Du-du! Du-du! Tusekile akaziba masikio. Akatazama chini ya kabati. Kulikuwa na rundo la masweta. Nyuma ya masweta kulikuwa na mfuko.

Na ile mikono mikubwa ilikuwa inakaribia. Shangazi alikuwa anashuka, rafu kwa rafu.

"Wifi," akasema Mama, "tuanike kwanza hizi, jua la huku halina ahadi."

Wakabeba nguo. Wakatoka uani. Ndala zao zikaenda pwata, pwata, pwata.

Tusekile akabaki chumbani. Yeye na kabati.

"Gauni langu litachanwa," akanong'ona. "Au litapelekwa kwa watu."

Akapata akili. Sasa sikiliza akili yenyewe! Akasema, "Nikilivaa, hawataliona kama nguo ya kupanga. Nguo iliyovaliwa haipangwi."

Mjanja, siyo? Ngoja.

Tusekile akaingia ndani ya kabati, asionekane. Akafungua mfuko. Kraka, kraka. Akatoa gauni.

Akaingiza mikono. Akaingiza kichwa. Akavuta.

Gauni likagoma.

Akavuta tena. Gauni likambana mikono, ikabaki juu kama ya mtu anayeomba mvua. Likambana na kichwa. Hakuona chochote. Njano tupu!

"Shuka," akaliambia gauni. Halikushuka.

"Basi, panda." Halikupanda.

Na hapo ndipo mlango ukaanza. Unakumbuka, ulikuwa haufungi kwa sababu kabati lilijaa. Sasa nguo zimetolewa. Sasa hakuna cha kuuzuia.

Nyiiiiii...

"Nani?" akauliza Tusekile.

...TAP!

Giza.

Ile njano ikawa nyeusi. Kabati likanuka kama viazi vilivyosahaulika. Mikono juu, kichwa ndani, Tusekile hakuweza kusukuma mlango.

Du-du! Du-du! Du-du!

Alitaka kuita, "Mama!" Lakini akiita, atakuja nani? Atakuja Mama na Shangazi. Na Shangazi ana ile mikono.

Akanyamaza. Akasikiliza.

Pwata, pwata, pwata. Ndala zinarudi.

"Ya kukaa, ikae!" Sauti iko sebuleni.

Pwata, pwata.

"Ya kutoka, itoke!" Sauti iko mlangoni.

Pwata.

"Iliyochakaa..." Sauti iko hapa! Hapa hapa, nje ya kabati!

"...CHRAAAAA!"

Tusekile akaruka. Goti likagonga mbao. Gongo!

Ndala zikasimama.

"Kuna kitu kabatini," ikasema sauti nyembamba. Ilikuwa ya Lugano.

"Panya huyo," akasema Shangazi.

"Panya hagongi hodi," akasema Lugano.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Nyiiiii... Jicho moja la Lugano likachungulia.

Aliona nini? Aliona kitu cha njano. Hakina kichwa. Hakina uso. Kina mfuko mwekundu kama mdomo. Na juu kina vidole kumi vinavyochezacheza!

"ZIMWIIII! Mama! Zimwi la njano! Limemeza mtu, limebakiza vidole!"

Lugano akapita chini ya kitanda, akatokea upande wa pili, akajificha nyuma ya Mama.

Shangazi akanyakua ufagio. Shangazi mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Ndiyo, mkubwa vile! Usimwambie kwamba tumeona.

"Zimwi, toka!" akanguruma.

"Mimi siyo zimwi," kikasema kile kitu, kwa sauti iliyobanwa. "Mimi Tusekile."

"Mama wee!" akalia Lugano. "Limemmeza dada, na sauti yake pia!"

Lakini Mama alivitambua vidole vile. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na alama ya kaa la moto. Mama akatupa ndala, akakimbia, akamtoa mwanawe kabatini.

"Tusekile! Umeingiaje humo?"

"Nimeingia vizuri," gauni likajibu. "Kutoka ndiyo shida."

Mama akavuta juu. "Aaa! Masikio!" Mama akavuta chini. "Aaa! Kwapa!"

Shangazi akaweka ufagio. Akalitazama gauni kulia. Akalitazama kushoto. Akasema maneno mawili.

"Leteni mkasi."

Mkasi!

Tusekile akahisi baridi kutoka vidoleni mpaka unyayoni. Hakuona kitu. Alisikia tu. Droo ikavutwa. Kkkrr. Chuma kikagusana na chuma. Kchi. Kchi.

"Usilichane!" akalia. "Shangazi, nakuomba, usilichane! Niache hivi hivi! Nitaishi hivi hivi! Nitakula nikiwa humu humu!"

"Utakulaje bila mdomo?" akauliza Lugano.

"Mtapitisha chini!"

Mkasi ukasimama.

Shangazi akapiga magoti. Sauti yake kubwa ikawa ndogo. Hata Mama alikuwa hajawahi kuisikia ikiwa ndogo vile.

"Tusekile, mwanangu. Nani kakwambia nachana nguo nzima? Mimi nachana zilizokwisha chakaa. Hili sikati kitambaa. Nafumua uzi tu, hapa ubavuni. Uzi unashonwa tena. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Basi ogopa ukiwa umetulia."

Tusekile akaogopa akiwa ametulia. Jaribu, uone kama ni rahisi.

Kti. Uzi mmoja. Kti. Uzi wa pili. Kti...

POPU!

Kichwa kikatoka! Nywele zimesimama, jasho linatiririka, pengo liko palepale.

"Ni yeye," akasema Lugano. "Zimwi limemtema."

Tusekile akalikumbatia gauni. Halijachanwa! Limefumuka ubavuni tu, urefu wa kidole.

Kisha akalitazama vizuri. Karibu na ule mfuko mwekundu palikuwa na doa jeusi. Hapa lingine. Na hapa, kwenye kola, la tatu.

"Tope?" akauliza Lugano.

"Kuvu," akasema Mama.

"Siyo mimi!" Tusekile akaanza kulia. "Sijalivaa hata siku moja! Sijaenda nalo kwenye tope, wala kwenye mchuzi, wala kwenye vumbi! Nililitunza!"

"Ulilitunza gizani, mwezi mzima wa mvua, ndani ya nailoni," akasema Shangazi. "Nguo nayo inataka kupumua, mama yangu. Ukiifungia, inaoza."

Tusekile akauliza kwa sauti ndogo kabisa. "Basi limechakaa? Ni... chraa?"

Shangazi akasogea dirishani. Akalinyanyua gauni kwenye mwanga.

"Wifi," akasema, "una limau?"

Limau lilikuwepo. Na chumvi ilikuwepo. Mama akakata limau, Shangazi akanyunyiza chumvi, Tusekile akasugua. Shwika, shwika, shwika. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakutaka.

Wakalianika kambani, juani, katikati ya uwanja.

Tusekile akakaa chini yake kulilinda. Alitazama madoa. Alitazama jua. Alitazama mlima Rungwe.

Na juu ya mlima palikuwa na wingu.

Wingu dogo, kama kondoo. Tusekile akapepesa macho. Kama ng'ombe. Akapepesa tena. Kama zizi zima!

"Wingu, siyo leo!" akaliomba. "Wingu, siyo leo!"

Doa la kwanza likafifia. Likaisha.

Wingu likashuka, likafika kwenye mashamba ya chai.

Doa la pili likafifia. Likafifia. Likaisha!

Wingu likafika kwenye migomba. Majani yakaanza kupigana. Fwa! Fwa! Fwa!

"Anueni!" akapiga kelele Mama. "Anueni nguo!"

Ti. Ti. Ti-ti-ti-ti!

Tusekile akachomoa gauni kambani, akakimbia. Mvua ikakimbia nyuma yake. Akaruka kizingiti, hop! Nyuma yake maji yakamwagika, SHAAAAA!

Gauni lilikuwa kavu. Doa la tatu lilibaki kidogo, dogo kama sisimizi. Lilikuwa kwenye kola, na halikuondoka tena.

Chumbani, nguo zote zilikuwa zimekunjwa. Kabati lilikuwa limepungua kitambi. Shangazi akachukua uzi na sindano, akaushona ule ubavu. Kisha akamrudishia Tusekile gauni.

"Limebaki hili moja," akasema. "La kwako. Mimi sisemi, mama yako hasemi. Sema wewe. Likae, au litoke?"

Du-du. Du-du.

Tusekile alitaka kusema likae. Likae daima! Akatazama chini ya kabati, pale penye giza. Akakumbuka lile giza. Akakumbuka ule mlango. Tap.

Alikuwa amekaa humo dakika chache tu. Gauni lilikaa humo siku ngapi?

Lugano alikuwa amesimama pembeni. Hakusema kitu. Lugano! Alinyoosha kidole kimoja tu, akaugusa ule mfuko mwekundu, akakirudisha haraka mgongoni.

Tusekile akamgeukia Shangazi.

"Litoke," akasema.

"Litoke liende wapi?" akauliza Shangazi.

"Litoke... likacheze. Na Lugano."

Lugano akalivaa. Sss! Likateleza lenyewe, shingoni, mikononi, magotini. Kama fundi alimpima yeye.

Kitu cha kwanza alichofanya Lugano? Akatia karanga kwenye mfuko mwekundu. Karanga zenye mafuta!

Moyo wa Tusekile, du!

Kitu cha pili? Akatoka mbio. Mvua ilikuwa imepunguza mwendo. Mbele ya mlango palikuwa na dimbwi. Dimbwi la tope, jekundu, zito.

"Lugano, hapana! Siyo leo!"

CHWAPU!

Tope likaruka. Likatua kwenye njano. Hapa! Na hapa! Na hapa pia!

Wote wakamgeukia Tusekile. Mama akazuia pumzi. Shangazi akazuia pumzi. Kuku mmoja naye alisimama mguu mmoja, akingoja.

Tusekile akalitazama gauni. Lilikuwa linazunguka. Lilikuwa linapepea. Lilikuwa linaruka juu na kushuka, na karanga zinaruka nalo. Hajawahi kuliona likifanya hivyo. Kwenye mfuko wa nailoni halikuwa likifanya hivyo.

Kitu kikamtekenya tumboni. Kikapanda. Kikatokea penye pengo.

"Hihihi!"

"Dada, njoo!" akaita Lugano.

"Subiri kwanza," akasema Shangazi. Akafungua kikapu chake. Akatoa gauni la bluu, lenye mifuko miwili. "Lilikuwa la binti yangu. Amekua, limemkataa. Nikasema ya kutoka, itoke. Likaja kwako. Ni la kutokea hilo!"

"Ndaga, Shangazi," akasema Tusekile. Ndivyo wanavyosema asante kwao.

Akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa laini. Safi. Zuri sana.

Mdomo ukaanza wenyewe: "Siyo le..."

Tusekile akaufunga mdomo. Akavuta pumzi. Aliogopa kidogo, lakini aliogopa akiwa ametulia.

"Leo," akasema. "Hata likichafuka."

CHWAPU!

Jioni, mlangoni, Mama aliwafuta miguu kwa tambara. Tambara lilikuwa laini na la joto. Tusekile akalitazama. Lilikuwa na mistari. Lile chraaa!

Hakuliogopa tena. Lilikuwa linatekenya.

Baba akarudi kutoka kwenye mashamba ya chai, akafuta miguu yake pia. Akalitazama tambara kwa muda mrefu.

"Hii mistari naifahamu," akasema.

Mama na Shangazi wakacheka, na sufuria zikacheka nao.

Magauni mawili yalifuliwa. Sasa yalining'inia jikoni, karibu na moto, la njano na la bluu. Maji yakadondoka, to, to, to.

Watoto wakapanda kitandani. Mvua ikarudi taratibu juu ya bati.

Tusekile akatazama kabati. Halikuwa na kamba ya mgomba. Mama akausukuma mlango kwa kidole kimoja.

Tap.

Ukafunga. Ukakaa kimya.

"Dada," akanong'ona Lugano. "Zimwi la njano limekwenda wapi?"

"Lipo jikoni," akasema Tusekile. "Linakauka."

"Kesho litacheza tena?"

Tusekile akamvutia mdogo wake shuka mpaka kidevuni. Yeye mwenyewe aliacha kichwa nje.

"Kesho litacheza tena."

Na hadithi yetu nayo tumeikunja vizuri. Tumeiweka juu, kwenye rafu, inapoonekana. Ukiitaka, itoe. Usiifungie tu gizani.

Sasa lala.